Pesimeka inasoma "sawa" lakini mgonjwa anavimba uso: uchambuzi wa kisa kimoja

Kabla sijaanza

Mimi niko upande wa kliniki ya pesimeka, kile kifaa cha umeme kinachosaidia moyo kupiga, wale tunaounganisha kompyuta na kifaa kilichoko kifuani kwa mgonjwa alafu tunasoma betri imebaki kiasi gani, nyaya zinasoma vipi, moyo umejipiga wenyewe mara ngapi na mashine imeusaidia mara ngapi. Mgonjwa mwenyewe ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Vitu vya kumtambulisha nimevitoa au nimevisogeza kidogo, lakini mtiririko wa tatizo nimeuacha kama ulivyokuwa manake ndo wenye somo, na sehemu ya makosa yaliyomo humu ni yangu mimi.

Moyo wake

Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Alizaliwa na mishipa mikubwa ya moyo imebadilishana nafasi, yaani aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, inatoka ventrikali ya kulia (ventrikali ni chumba cha chini cha moyo) na mshipa wa kwenda mapafuni unatoka ventrikali ya kushoto, kwa hiyo damu iliyoishiwa oksijeni inazunguka mwilini tu na ile yenye oksijeni inazunguka mapafuni tu, hazikutani. Mtoto wa hivyo asiposaidiwa haendi mbali. Siku hizi wengi wanafanyiwa ule upasuaji wa kuirudisha mishipa yenyewe mahali pake, ambao Adib Jatene aliufanikisha São Paulo mwaka 1975, ila wapo watu wazima wengi waliopita njia ya zamani zaidi, na huyu dada ni mmoja wao. Alifanyiwa upasuaji wa Mustard kabla hajatimiza miaka miwili.

Naomba nielezee huu upasuaji polepole kwa sababu asiyeuelewa hawezi kuelewa kilichompata. William Mustard alianza kuufanya Toronto mwaka 1963. Daktari haigusi mishipa, anageuza njia ya damu ndani ya vyumba vya juu vya moyo. Anakata kitambaa kwa umbo la suruali, anakishona ndani ya atiria, yaani hivyo vyumba vya juu, mguu mmoja wa suruali unapokea damu ya kichwa na mikono kutoka mshipa mkuu wa juu, mguu wa pili unapokea damu ya tumbo na miguu kutoka mshipa mkuu wa chini, na kiunoni mwa suruali damu yote hiyo inamwagikia ventrikali ya kushoto ambayo kwa huyu mtu ndo inapeleka mapafuni. Damu safi kutoka mapafuni inapita nje ya suruali inaenda ventrikali ya kulia, na hiyo ya kulia ndo inasukuma mwili mzima, kazi ambayo haikuumbiwa.

Mshono wote huo unapita karibu sana na kile kituo kidogo kinachoanzisha mapigo ya moyo. Miaka ikienda kituo kinachoka, mapigo yanashuka, ndo maana baadhi yao wanaishia kuwekewa pesimeka wakiwa vijana. Alafu ule mguu wa juu wa suruali una tabia ya kusinyaa, na mshono wenyewe unaweza kuachia tundu dogo. Sasa fikiria unapitisha nyaya mbili za pesimeka ndani ya mguu huohuo wa suruali, manake njia nyingine ya kutoka begani kwenda moyoni hamna.

Kuna jambo moja la historia ambalo kila nikilikumbuka linanigusa. Åke Senning, daktari wa Sweden aliyebuni upasuaji ndugu wa huu wa Mustard mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiye huyohuyo aliyemwekea Arne Larsson pesimeka ya kwanza duniani kukaa yote ndani ya mwili, Oktoba 1958, kifaa alichokitengeneza mhandisi Rune Elmqvist. Kile cha kwanza kilidumu masaa machache tu. Larsson mwenyewe aliishi hadi mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86. Fani zote mbili zilitoka kwenye mikono ileile, ila leo kliniki nyingi zimezitenganisha, wa pesimeka huku, wa mioyo ya kuzaliwa nayo kule.

Mambo yalivyoanza

Pesimeka aliwekewa akiwa mwanzoni mwa miaka yake ya ishirini baada ya kuanza kuzimia, mapigo yalikuwa yanashuka hadi thelathini na kitu kwa dakika. Nyaya mbili, wa juu ukaishia atiria ya kushoto na wa chini ventrikali ya kushoto. Kisanduku kilibadilishwa mara moja baadaye kwa sababu ya betri, nyaya zikaachwa zilezile. Kwenye ripoti ya siku ile ya kwanza kabisa kulikuwa na sentensi moja fupi, kwamba waya wa pili ulipita kwa kukaza kidogo pale juu. Hiyo sentensi hakuna aliyeifanyia kazi kwa zaidi ya miaka kumi.

Alikuja kwetu kwa ukaguzi wa kawaida. Nikamuuliza anaendeleaje, akasema, "Dokta, kola ya shati asubuhi hainitoshi, jioni inanitosha vizuri." Akaongeza kwamba akiinama kufunga viatu anasikia kichwa kinajaa, na kwamba kituo kingine walimpa dawa za aleji mara mbili. Pia alikuwa anachoka kuliko zamani na mara nyingine anahisi shingo inadunda.

Mimi nikaangalia mashine. Betri bado kama miaka miwili, nyaya zote mbili zinaamsha moyo kwa umeme mdogo, vizuri. Ukinzani wa waya wa juu, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, ulikuwa omu 290. Kipimo cha mwaka uliopita kilikuwa 520. Zote mbili ziko ndani ya mipaka ambayo mashine inaiita ya kawaida, kwa hiyo alama ya kijani ikawaka na mimi nikaiamini. Kwenye kumbukumbu kulikuwa na vipindi 41 ambavyo mashine imeandika kwamba atiria ilienda mbio. Watu wa Mustard wanapata sana mbio za atiria, umeme unazunguka kwenye makovu ya mshono, kwa hiyo nikaona inaingia akilini, nikapeleka taarifa hivyo, daktari akamwongezea bisoprololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, kidogo na tukampa tarehe ya miezi sita.

Michoro ya umeme ya vile vipindi, nilifungua mmoja tu kati ya 41. Niliutazama haraka. Leo nikiutazama naona wazi sio moyo, ni vijiti vimepangana ovyo, vingine vimekaribiana kiasi ambacho hakuna misuli ya moyo inayoweza kupiga hivyo.

Siku ya mikono juu

Hakufikisha miezi sita. Mwezi wa tatu alirudi bila miadi, ameamka macho hayafunguki vizuri kwa uvimbe, analalia mito mitatu. Sista aliyempokea ndo aliyeigeuza hii kesi. Alipomfungulia kifua kumwekea vibandiko vya isijii, kipimo cha umeme wa moyo, akaona mishipa imechora kifuani, ya bluu, inashuka kutoka mabegani kwenda tumboni, akamwambia, "Dada, hebu nyanyua mikono yote miwili juu, ikae hapohapo." Tukahesabu. Haikufika dakika moja uso ukawa mwekundu unaelekea zambarau na akasema kichwa kinataka kupasuka.

Kompyuta ya pesimeka ilikuwa tayari imeunganishwa. Mkono wa kushoto ulipopanda, mstari wa waya wa juu kwenye skrini ukajaa kelele, vijiti kila mahali, na papo hapo mashine ikaacha kuamsha atiria ikabaki inaamsha ventrikali peke yake. Akashusha mkono, kelele zikaisha. Akapandisha, zikarudi. Mara tatu hivyo.

Kumbe yalikuwa matatizo mawili, yote ndani ya dakika moja ya kunyanyua mikono. La kwanza, mguu wa juu wa suruali umeziba na damu ya kichwa haina pa kushukia. La pili, ganda la waya wa juu limechubuka, inaelekea pale unapobanwa kati ya mfupa wa mtulinga na ubavu wa kwanza, kwa hiyo kila mkono ukisogea waya unatoa umeme wa uongo (na umeme unaovujia hapo ndo ulioshusha ukinzani), mashine inadhani atiria inakimbia, inaacha kuisaidia. Vyumba vya juu na vya chini vinapiga bila mpangilio, atiria inasukuma wakati vali imefungwa na damu inarudi shingoni. Ule uchovu na shingo kudunda ndo vilitoka hapo. Na sisi tulikuwa tumempa dawa ya kupunguza mbio ambazo hazikuwepo.

Vipimo

Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ile ya kawaida ya juu ya kifua haikusaidia sana, kwa mtu mzima ule mguu wa juu wa suruali hauonekani vizuri. Kilichotoa jibu ni sitiskani yenye dawa ya rangi kupitia mshipa wa mkono. Dawa ilifika juu ya moyo ikakuta pamefungwa karibu pote, ikageuka, ikashukia mshipa wa azaigo, ule wa pembeni ya uti wa mgongo, kwa nyuma hadi mshipa mkuu wa chini, ikaingia moyoni kwa mlango wa chini. Mwili ulikuwa umejitafutia njia ya mchepuko kwa miaka, ndo maana dalili zilikuja taratibu hivyo na ndo maana uvimbe ulikuwa wa asubuhi, akilala damu inajaa, akisimama damu inashuka kwa uzito wake yenyewe.

Alafu tukafanya eko ya mapovu, unachanganya maji ya chumvi na hewa kidogo sana unayapiga kwenye mshipa, mapovu yanaonekana meupe kwenye picha. Machache yakatokea upande wa ventrikali inayopeleka mwilini. Maana yake mshono una tundu. Oksijeni yake akiwa amekaa ilikuwa asilimia 94, akapanda ngazi ikashuka 90.

Hilo tundu lilitushtua kuliko kuziba. Waya ndani ya mshipa unaweza kuota damu iliyoganda, kwa moyo wa kawaida bonge likichomoka linaenda mapafuni na kuchujwa huko, lakini ukiwa na tundu kama hili linaweza kukatiza likaenda kwenye ubongo. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 kwa wagonjwa wa namna hii, wenye matundu ndani ya moyo, ulionyesha wale wenye nyaya ndani ya mishipa wana hatari ya bonge kwenda mwilini zaidi ya mara mbili ya wasio na nyaya. Akaanzishiwa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wiki hiyohiyo.

Maamuzi, na ubishi wake

Kikao kilikuwa kirefu. Cha rahisi kabisa kilikuwa kurekebisha mipangilio, kupunguza usikivu wa waya wa juu ili isisikie kelele, na kuacha mengine. Kilikataliwa haraka, waya uliochubuka haurudi nyuma na kichwa chake kinabaki kimejaa.

Pendekezo la pili lilikuwa kuweka stenti, mrija wa chuma unaoshikilia mshipa wazi, juu ya nyaya zilezile, kupanua njia huku nyaya zimekandamizwa ukutani. Dakika chache, mgonjwa anapona uvimbe siku hiyohiyo. Mimi hili nalipinga na nitaendelea kulipinga kwa mgonjwa kijana. Nyaya zikishafungiwa nyuma ya stenti hazitoki tena kwa njia ya kawaida, na siku kisanduku kikipata maambukizi ambapo kanuni ni kutoa kila kitu, chuma chote mpaka ncha ya waya, utakuwa umemfungia mlango.

Daktari wa upasuaji alitaka kufungua kifua, kurekebisha suruali kwa mkono na kushona nyaya juu ya moyo kwa nje. Ana hoja, nyaya za nje hazipiti kwenye mshipa kabisa na tatizo la bonge linapungua. Lakini kifua kimeshafunguliwa utotoni, kuna makovu, nyaya za nje zina historia ya kukatika na kudai umeme mwingi miaka ikienda, na ventrikali yake ya kulia ilikuwa imeshaanza kuchoka, kuisimamisha kwa masaa kwenye mashine ya moyo, ile inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, sio jambo dogo.

Tukakubaliana njia ya nne, kutoa nyaya zote mbili, kupanua palipoziba, kuweka stenti yenye kitambaa itakayofungua njia na kuziba tundu kwa pamoja kwa kuwa tundu lilikuwa karibu na palipobana, alafu kupitisha nyaya mpya ndani ya stenti. Na daktari wa upasuaji awe ndani ya chumba, amevaa, mashine ya moyo iko tayari, sio simu ya kumwita. Kutoa waya wa miaka zaidi ya kumi kunaweza kuchana mshipa na hapo unahesabu dakika.

Siku yenyewe, na kwikwi

Kwanza waya wa muda ulipitishwa kutoka mguuni, manake mapigo yake mwenyewe yalikuwa 34 tu. Waya wa juu ulitoka kwa leza bila shida. Wa chini uligoma chini ya mtulinga, kovu lilikuwa limekuwa gumu kama mfupa, ikabidi kubadilisha kifaa na kutumia kinachokata kwa kuzunguka. Kitu kimoja kilifanywa vizuri sana hapa: kabla waya wa mwisho haujatoka nje, waya mwembamba wa kuongozea ulipitishwa ndani ya mrija uleule wa kutolea. Palipoziba hapakuwa na njia nyingine, ukitoa kila kitu bila kuacha uzi wa kuongozea unaweza usipite tena.

Puto, stenti. Tofauti ya presha juu na chini ya palipobana ilikuwa milimita 11 za zebaki, ikawa 1. Nyaya mpya zikaingia, zote za kujiskurubu kwa sababu ventrikali ya kushoto ina ukuta laini, hamna pa kunasa. Wa juu ukawekwa upande wa nje wa atiria ya kushoto ambapo vipimo vilikuwa vizuri. Tukajaribu volti 10 kuona kama kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinaruka, hakikuruka. Tukafunga.

Kesho yake asubuhi akakaa kitandani kunywa chai, kwikwi ikaanza. Kila pigo kwikwi. Niliweka kiganja chini ya mbavu zake za kushoto nikaisikia inaruka sawasawa na mapigo kwenye monita, 70 kwa dakika, na yeye anajaribu kuniambia kitu maneno yanakatika. Neva inayoendesha kiwambo inapita palepale nje ya ukuta wa atiria ya kushoto. Nikashusha umeme. Moyo ulihitaji volti 0.7, neva iliamka kwa 1.2, hapo katikati hamna nafasi salama ya kumwachia mtu anayetegemea waya.

Kwa nini jaribio la volti 10 halikuonyesha? Tulienda kusoma karatasi ya usingizi. Alipewa dawa ya kulegeza misuli na bado ilikuwa inafanya kazi tulipojaribu. Kiwambo kilikuwa kimelegezwa, kisingeruka hata tungeweka volti ngapi.

Ikabidi arudi ndani siku ya tatu. Wakati huo heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ilikuwa imesharudishwa mapema kwa hofu ya bonge, na mfuko wa kisanduku, pale chini ya ngozi kinapokaa, ulikuwa umevimba damu. Utafiti wa mwaka 2013 ulishaonyesha kwa wanaowekewa vifaa hivi, wanaosimamishiwa wafarini na kuvushwa kwa heparini 16% walipata uvimbe mkubwa wa damu, na walioendelea na wafarini yao ni 3.5%. Ni kweli huwezi kutoa nyaya na wafarini ya kutosha mwilini, lakini kuikimbilia heparini baada ya hapo ilikuwa haraka yetu. Damu ikasafishwa, waya wa juu ukahamishiwa kwenye paa la atiria mbali na neva, na safari hii tulisubiri dawa ya misuli iishe, tukajaribu volti 10 akiwa anavuta pumzi mwenyewe. Kimya.

Matokeo

Uvimbe wa uso uliisha ndani ya siku mbili. Mfuko ulipona bila maambukizi, tuliufuatilia kila wiki kwa miezi miwili kwa kuwa kufungua mfuko mara mbili ndani ya wiki moja kunaongeza sana hatari hiyo. Miezi sita baadaye oksijeni 97 hata baada ya ngazi, mapovu hayavuki, akinyanyua mikono uso unabaki vilevile. Vipindi vya "atiria kukimbia" sifuri. Bisoprololi ikarudishwa kipimo cha zamani.

Tulipopatia na tulipokosea

Kilichotuokoa ni sista kumwangalia mtu kabla ya skrini, na uamuzi wa kutoa nyaya badala ya kuzifungia. Pia kumweka daktari wa upasuaji ndani ya chumba, hata kama hakushika kisu, kuliwapa wenzetu ujasiri wa kuendelea pale waya wa chini ulipogoma.

Kosa langu ni kusoma namba badala ya mwenendo. Omu 290 peke yake haina tatizo, omu 290 iliyokuwa 520 mwaka jana ina tatizo, na mashine haikuambii hilo mpaka uvuke mpaka wake. Na vile vipindi 41, ukimpa mgonjwa wa Mustard ugonjwa anaotegemewa kuwa nao unaacha kutazama mchoro. Sasa hivi kwa wagonjwa hawa nafungua mchoro mmoja mmoja, na mkono unanyanyuliwa kila ukaguzi, kompyuta ikiwa imeunganishwa.

Lakini kosa kubwa zaidi lilifanyika miaka mingi kabla, siku waya wa pili ulipokaza. Kabla ya kupitisha nyaya kwa mtu mwenye suruali ndani ya moyo inatakiwa kuangalia kama mguu wa juu umebana na kama mshono unavuja, na kama umebana unapanuliwa kwanza ndo waya unapita. Hapo ingekuwa stenti moja, kwa kijana asiye na chuma chochote ndani, bila leza wala mtu wa kusubiri na mashine ya moyo. Silaumu mtu kwa jina, ile sentensi ilisomwa na wengi na mimi nilikuwa na faili hilo mkononi.

La dawa ya misuli lilikuwa la mawasiliano tu. Mtu wa usingizi hakujua tunasubiri kiwambo kiruke, sisi hatukuuliza. Limeingia kwenye orodha yetu ya kabla ya kufunga ngozi.

Ventrikali yake ya kulia bado inabeba mwili mzima na hilo pesimeka haliondoi. Tumeipanga mashine isiamshe ventrikali bila sababu, na kwenye ukaguzi wa mwisho imeiamsha chini ya 1%, atiria 88%. Sitiskani ya kuangalia stenti ni mwakani. Ukurasa wa kwanza wa faili lake sasa hauna ripoti ya mashine, una mchoro wa suruali kwa kalamu ya bluu, stenti imewekewa mshale, na pembeni ukinzani wa siku ya kwanza: waya wa juu 540, wa chini 610.